Ukimya wa Sebule ya Anselme

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya kupiga picha, saa nne asubuhi, mzee Anselme Dhaussy alikatazwa kuvuta maji ya choo chake mwenyewe. Msichana mwenye redio kiunoni aligonga mlango, akasema kwa adabu tele, "Samahani mzee, usivute maji sasa hivi, tunarekodi." Mzee hakusikia. Miaka ishirini na sita ya kushika mashine ya kutobolea miamba chini ya ardhi ilikuwa imemla masikio yote mawili. Akavuta. Mabomba ya nyumba zetu hizi za wachimba makaa yanajulikana kwa kelele, na la Anselme ndilo baba yao. Kule sebuleni watu ishirini wakaangua kicheko, picha ikaharibika.

"Kata!" sauti ya Séverine ikasikika. "Baba, jamani! Baba!"

Séverine ndiye aliyekuwa mwongozaji wa filamu, na ndiye mtoto pekee wa Anselme. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na hii ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, ya kuchekesha na kuliza, kuhusu mjane wa miaka sabini anayetaka kuolewa tena, huku kaka yake akikataa katakata. Kaka huyo alikuwa aigizwe na bwana mmoja wa Lille, ambaye alijitoa siku nane kabla ya kuanza. Basi Séverine akamvisha baba yake koti la mwigizaji. "Huna haja ya kuigiza," alimwambia. "Wewe nuna tu kama kawaida yako." Sisi wa mtaani Hérincourt tuliposikia tulicheka mpaka mbavu zikauma, maana ni kweli, mzee yule ananuna vizuri.

Kwa wiki sita nyumba haikuwa yake. Kuta za jikoni zilipakwa rangi ya ukungu ili nyumba ionekane fukara zaidi. Kabati la marehemu mkewe lilitolewa nje na kufunikwa turubai. Mpambaji alimchora mikunjo usoni juu ya mikunjo aliyopewa na Mungu. Walimwambia aongeze lafudhi ya kwetu, kwa sababu hakuwa akisikika mtu wa kaskazini vya kutosha, yeye aliyezaliwa katika chumba kile cha juu! Siku moja walimlisha samaki wa chumvi sahani kumi na moja kwa ajili ya picha ya sekunde nne. Mzee alikula zote. Alitoka nje kwenye banda la njiwa wake, akatapika kimya kimya, akarudi kukaa kitini.

"Kwa nini unavumilia yote haya?" Raymonde, jirani yake, alimuuliza.

"Nini?"

"Nimesema, KWA NINI UNAVUMILIA?"

"Usinipigie kelele, mama. Ni mwanangu," Anselme akajibu.

*

Kila chumba kina ukimya wake, na watu wa sauti huurekodi. Onyesho likiisha, wote husimama pale walipo kwa dakika nzima, bila kukohoa wala kujikuna, na ukimya ule hutandazwa baadaye chini ya maneno ya waigizaji. Kazi hiyo ilikuwa ya Gauthier, mume wa Séverine. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, wa kukaa pembeni. Wenzake walimwita mume wa mwongozaji, hata yeye akiwapo.

Jumatatu ile, baada ya onyesho la chakula, alinyanyua kidole. Wote wakaganda. Kwenye hedfoni zake Gauthier alisikia saa ya ukutani, njiwa wa mzee kule uani, tumbo la mtu mmoja likinguruma. Kisha akasikia *ka*, kama mtu anavunja kidole. Halafu sauti nyembamba, ndefu, iliyotoka chini na kupanda.

"Nani amesogea?"

Hakuna aliyesogea.

"Usinitazame mimi, Gauthier," alisema Raymonde, aliyekuwa mmoja wa wageni wa harusi kwenye filamu. "Viungo vyangu vinalia, lakini si kwa wimbo huo."

Watu wakacheka, Gauthier naye akacheka kidogo ili yaishe. Jumanne aliurekodi ukimya tena, akaisikia ile sauti mara mbili. Wengine walipokwenda kula, alishuka na tochi kwenye chumba cha chini, kule Anselme anakohifadhi viazi na bia. Akamulika dari, ambayo ndiyo sakafu ya sebule. Boriti kuu ya kati ilikuwa na ufa. Aliingiza vidole viwili ndani yake, vikapita bila kubanwa. Kwenye ukuta wa nyuma udongo ulikuwa umemomonyoka, ukaacha shimo jeusi linalopumua ubaridi.

 Alipanda ngazi moja moja kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

*

"Utaitoa kwenye kompyuta," Séverine alisema. Walikuwa jikoni wao wawili, yeye anakula mkate amesimama, macho kwenye ratiba. "Si huwa unatoa kelele za ndege, za pikipiki? Toa na hiyo."

"Séverine, sisemi kuhusu sauti. Nasema kuhusu nyumba."

"Nyumba hii imepasuka tangu sijazaliwa."

"Vidole viwili vinaingia."

Akaacha kutafuna. Gauthier aliona kwamba ameelewa, na aliona pia namna alivyokuwa akijisukuma asielewe.

"Sikiliza, mume wangu. Alhamisi tunapiga dansi ya harusi. Bila dansi sina mwisho wa filamu. Mwigizaji wa bibi harusi anapanda treni ya Paris Alhamisi hiyo hiyo jioni, Ijumaa yuko jukwaani, na hatanirudishia siku hata nikipiga magoti. Mtayarishaji ananipigia simu mara tatu kwa siku, anatafuta sababu tu ya kufunga duka. Sasa wewe ukaiambie manispaa kwamba boriti imepasuka? Unajua watakachofanya. Nyumba namba tisa walikuja asubuhi, mchana utepe ukafungwa mlangoni, mpaka leo wale wazee wanaishi kwa mtoto wao."

"Wako hai."

"Usinitie kidole machoni, Gauthier."

"Basi tumuulize baba yako. Anazijua kazi za mbao."

"Baba hasikii hata kengele ya kanisa! Atasikia mbao?"

Mlango ukafunguliwa, Anselme akaingia kutafuta kahawa yake ya mizizi ya chikori. Wote wawili wakanyamaza. Mzee akawatazama, akajua amezungumziwa, maana viziwi hujua hilo mapema kuliko watu wote. Akamimina kahawa, akatoka.

*

Jumatano asubuhi, kabla mafundi hawajafika, Gauthier alimketisha mkwe wake sebuleni, akamvika hedfoni na kuifungua sauti hadi mwisho. Mzee alitabasamu kama mtoto.

"Aisee! Saa ile! Kumbe bado inasema?" Akainua kidole. "Hao ni njiwa wangu. Mbona wanalalamika hivyo? Yule wa kijivu amekorofishana na mkewe tena." Alicheka peke yake, machozi yakimlengalenga, kwa sababu alikuwa na miaka kumi na tano hajawasikia njiwa wake.

Kisha Gauthier akambonyezea ile ya Jumanne.

Uso wa mzee ulifungwa. "Rudisha," alisema. Gauthier akarudisha. "Tena." Mara ya tatu Anselme alizivua hedfoni akaziweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Imetoka wapi hii?"

Gauthier akaelekeza kidole sakafuni, katikati ya miguu yao.

Walishuka pamoja. Mzee hakuhitaji tochi. Aliweka kiganja chake chote juu ya ufa, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akaenda kwenye lile shimo la ukutani, akanusa.

"Kule mgodini tulikataa nguzo za chuma," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza habari za mpira. "Chuma hakikuambii kitu. Mbao inakulilia kwanza, unapata muda wa kumvuta mwenzio. Hii inalia, mkwe wangu. Na hapo chini nimepita mimi mwenyewe na kikosi changu. Tulichimba mpaka tukaacha ganda." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Niitie binti yangu."

Séverine alishuka akiwa na koti lake jekundu na ratiba kwapani. Anselme alimwuliza swali moja tu.

"Wangapi kesho?"

"ARO-BA-INI, BABA."

"Hapana."

"Baba, usinifanyie hivi."

"Kumi."

"Harusi ya watu kumi? Hiyo si harusi, hicho ni kikao cha mazishi!"

"Kumi na tano, na hawaruki."

"Baba, nitakupigia magoti hapa hapa kwenye viazi. Siku moja. Keshokutwa waite manispaa, waite jeshi, tutahama sote. Nipe siku moja."

Anselme alimtazama. Miaka ishirini nyuma, binti alipotaka kwenda kusomea sinema, mzee alimwambia mbele ya watu kwamba huo ni upuuzi wa matajiri, naye akaondoka na mkoba mmoja, akakaa miaka mitatu bila kupiga simu. Mzee hakutaka kumnyima mara ya pili. Hilo ndilo lililomponza, nalisema waziwazi, maana kwa jambo lingine lolote asingekubali.

"Ishirini," alisema hatimaye. "Si ishirini na moja. Nitaweka nguzo leo mchana. Na wewe niapie."

"Naapa."

"Kwa nani?"

"Kwa mama, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Mchana kutwa yeye na Gauthier walikata miti mitano ya mipopla iliyokuwa imelala uani, ile mirefu inayoota kando ya mfereji wetu, wakaisimika chini ya boriti moja baada ya nyingine. Ilipofika ya tano, mzee aligonga kila nguzo kwa shoka huku amekandamiza shavu lake kwenye mti, apate kusikia kwa mfupa.

"Inatosha?" Gauthier aliuliza kwa ishara.

Anselme akachezesha kiganja chake huku na huku. Kwetu maana yake ni omba Mungu.

*

Alhamisi tulikuja sote. Tungekosaje? Tangu Septemba tulikuwa tumeandikwa majina. Wanaume walitoa suti zao za maziko, wanawake walikuwa wametengeneza nywele. Raymonde alikuwa amepaka zake rangi ya shaba na kujibana kwenye gauni la kijani ambalo mara ya mwisho lilimtosha mwaka wa kumwoza binti yake. Saa tano tulikuwa arobaini na watatu barabarani, pamoja na mpiga kodiani.

Séverine alitoka mlangoni akiwa na orodha. Fanny, msaidizi wake, yule msichana wa redio, alimnong'oneza, "Unasema ishirini. Tuchague nani?"

Séverine alifungua mdomo. Mbele yake alisimama Raymonde, jasho limeanza kuitafuna poda.

"Unanirudisha nyumbani, Séverine?" Raymonde aliuliza. "Mimi niliyekufuta kamasi? Nimelala nimekaa kitini jana, nywele zisiharibike!"

Watu wakacheka. Nyuma, mtu akapaza sauti, "Ukiwa mtu wa Paris wenzio wanageuka takataka, eh?" Hilo lilimchoma. Simu ikatetemeka mfukoni mwake, na hakuwa na haja ya kuitazama ajue ni nani. Kwa dirisha aliona sebule, mapambo, keki ya sukari, na akaiona picha aliyoibeba kichwani miaka sita, chumba kidogo kilichojaa pomoni na watu wanaocheza. Watu ishirini wangeacha matundu.

"Ingieni," alisema. "Wote. Taratibu."

Gauthier alimshika mkono. "Uliapa."

"Nguzo mmeweka tano. Niache nifanye kazi."

Anselme alikuwa jikoni anachorwa mikunjo. Walipomwingiza sebuleni, mataa makali yalimpiga machoni, akaketishwa kwenye kiti chake kando ya dirisha. Macho yalipozoea, aliona chumba. Akaona watu wamejibana hadi ukutani. Akamtafuta binti yake. Séverine alikuwa ameinamia skrini yake ndogo mlangoni mwa jikoni, na hakuinua kichwa.

Fanny alipanda kwenye kigoda. "Wapendwa, sheria ni moja! Kazi hii ina neno moja tu la kusimamisha, nalo ni 'kata', na linatoka kwa Séverine peke yake. Mtu akianguka, endeleeni. Keki ikimwagika, endeleeni. Mzee akifanya lolote, msimtazame, chezeni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" tukaitikia kama wanafunzi.

Mara ya kwanza kodiani ilipotea njia. Mara ya pili bibi harusi aliikanyaga shela yake. Mara ya tatu mambo yakaenda. Muziki ulishika, nyayo zikashika, na hata sisi wenyewe tulisahau kwamba ni uongo. Tuliruka. Glasi ziligongana kabatini. Raymonde alizungushwa na muuza nyama, akapiga vigelegele.

Mzee hakusikia hata noti moja. Alisikia kwa miguu. Kitu kilipita chini ya soli zake, kikasimama, kikapita tena. Kwa mujibu wa filamu alipaswa kununa pale kitini mpaka dada yake aje kumwinua. Akainuka. Akaingia katikati ya wachezaji mikono ameitandaza, uso mweupe chini ya rangi za mpambaji.

"Simameni," alisema. "Simameni, wanangu. Taratibu. Mlango ule pale."

Sauti ilikuwa imekatika nusu. Machozi yalimtoka bila yeye kujua. Mimi nilimwona, nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na nikakumbuka tulivyoambiwa. Nikageuza uso, nikacheza kwa bidii zaidi. Sote tulifanya hivyo. Mungu atusamehe, tulidhani tunamsaidia kuigiza.

Kwenye skrini, uso wake ulijaza picha nzima. Wiki sita Séverine alikuwa amembembeleza, amemfokea, amemlisha samaki, na hakuwahi kuupata uso ule. Mpiga kamera aligeuka akamtazama kuomba amri.

"Usikate," Séverine alinong'ona. "Mfuate. Mfuate uso."

Gauthier aliyasikia maneno hayo kwenye sikio la kushoto la hedfoni. Kwenye sikio la kulia mbao ilikuwa inalia, safari hii bila kupumzika. Alikuwa ameinua fimbo ya maiki juu ya vichwa vya watu, na katika miaka kumi na minane ya kazi hajawahi kuharibu picha ya mtu. Mtu wa sauti hungoja mwisho, ndipo ananyoosha mkono kulalamika. Akangoja.  Kisha akaitupa fimbo, akapiga ukelele, "Tokeni! Tokeni nje!"

Anselme hakuusikia ukelele huo. Alikuwa amekwisha msukuma Raymonde na bibi harusi kwa mikono miwili, kwa nguvu ambazo hatukujua bado anazo, wakajigonga ukutani. Sakafu ilifunguka pale alipokuwa amesimama. Alikwenda chini na meza, keki, na vumbi la miaka mia. Kodiani iliendelea kidogo, kwa sababu mpigaji alikuwa amefumba macho.

"Kata!" Séverine akapiga kelele. "Kata! Kata!"

Ndipo tukasimama.

*

Jumamosi, saa sita mchana, walikuwa watatu kwenye chumba cha hospitali ya Lens. Nyonga zote mbili zilikuwa zimevunjika juu ya zile nguzo. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya uchovu, alisema mzee ataishi, na kuhusu kutembea alianza kuzungumza juu ya aina za viti vya magurudumu. Nyumba ilikuwa na utepe. Njiwa walikuwa kwa Raymonde, ambaye alikuwa akimwambia kila anayepita, "Mtoto hakumwona baba yake. Na yale mataa! Nani angeona?"

Mtayarishaji naye alikuwa amepiga simu. Alipiga Ijumaa, akatoa pole, kisha akasema ameiona picha ya tatu, na kwamba uso ule ndio filamu yenyewe.

Anselme alifumbua macho. Muuguzi alikuwa amemwekea vifaa vipya vya kusikia masikioni. Alimtazama binti yake, aliyekaa kitini na koti lake jekundu lenye vumbi bado, hajabadilisha tangu Alhamisi.

"Raymonde amekuja hapa," alisema. "Anasema hukuniona. Kwa sababu ya mataa."

Gauthier aliinamisha kichwa. Mfukoni alikuwa na kinasa sauti kidogo, na ndani yake mlikuwa na minong'ono yote ya siku ile. Hakuwa amemwambia mtu, na hakujua kama angemwambia.

"Ni kweli, mwanangu?"

Njia ilikuwa wazi, pana. Mzee mwenyewe alikuwa amemfungulia. Séverine alilishika shuka kwa mikono miwili.

"Nilikuona, baba. Nilikuona vizuri. Nikasema wasikate."

 Machozi ya Séverine yalidondoka kwenye mkono wa mzee, naye hakuuondoa, wala hakuugeuza kumshika.

"Muda gani?" aliuliza.

 Gauthier ndiye aliyejibu, kwa sababu alikuwa ameurekodi.

"Sekunde tisa, baba mkwe."

"Tisa." Anselme alitazama dari. Katika sekunde tisa, kule chini, alikuwa amewahi kuwavuta watu watatu. "Na ilitoka vizuri?"

"Baba, tafadhali..."

"Nimeuliza kazi. Ilitoka vizuri?"

"Vizuri kuliko zote," Séverine alisema.

Mzee alivuta pumzi, maumivu yakamkunja uso, akangoja yapite.

"Basi itie kwenye filamu. Usiitupe, imenigharimu miguu. Siku ya kuionyesha utanisukuma kwenye kiti changu mpaka safu ya mbele, watu wote wa Hérincourt wanione. Na watakapopiga makofi, Séverine, wewe usisimame. Hesabu kwanza mpaka tisa, kwa sauti, nikusikie."

Muuguzi aliingia na sahani ya supu, akauliza nani atamlisha mgonjwa. Séverine akanyoosha mkono kupokea kijiko. Anselme akamwonyesha Gauthier.